Kima Punju wa Jozani: Utalii Unaolinda Msitu ni Ule Unaomfikia Mkulima

Msafiri anayetoka Mjini Unguja kuelekea kusini mashariki mwa kisiwa husafiri takriban kilomita 35 kabla ya kufika Jozani. Hapo barabara hupita kando ya msitu mnene, na matuta humlazimisha dereva kupunguza mwendo. Sababu ya matuta hayo mara nyingi huonekana kwa macho: kundi la kima wenye mgongo mwekundu, uso mweusi na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, likivuka kutoka msituni kwenda mashambani au likirejea. Wenyeji humwita kima punju. Makazi yake ya asili ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo. Hakuna nchi nyingine duniani inayoweza kujivunia kuwa naye porini.

Kuvuka huko kwa barabara kunaeleza kwa ufupi changamoto nzima ya uhifadhi katika Zanzibar. Hifadhi ina mipaka iliyochorwa katika ramani na kulindwa kwa sheria, lakini mnyama haijui mipaka hiyo. Upande mmoja anakula majani ya miti ya asili chini ya ulinzi wa Serikali. Upande wa pili anakula majani ya mwembe na vidaka vya mnazi wa mtu. Kwa hiyo, swali la iwapo utalii wa mazingira unaweza kuyanusuru makazi ya wanyama walio hatarini kutoweka haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu watalii wanaoingia langoni pekee. Hujibiwa pia kwa kuangalia kinachofika katika kaya iliyo nje ya lango hilo.

Mnyama wa kisiwa kimoja

Kima punju aliingia katika kumbukumbu za wanasayansi mwaka 1868 na akapewa jina la kitaalamu linalomkumbuka John Kirk, daktari na mwanadiplomasia wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar wakati huo. Jina la wenyeji lina historia nyingine. Punju ni sumu. Harufu kali ya mnyama huyo, pamoja na imani ya miaka mingi kwamba mti anaoulalia au kuula hudhoofika, vilimfanya ahesabiwe kuwa mnyama asiyefaa kuliwa na asiyefaa kuwapo shambani. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, yumo miongoni mwa wale wanaohitaji uangalizi wa hali ya juu.

Kwa miongo kadhaa idadi yake ilikadiriwa kwa kubahatisha. Sensa ya kwanza iliyokizunguka kisiwa kwa utaratibu mmoja, iliyochukua zaidi ya saa 4,700 za kazi ya porini na matokeo yake kutangazwa katika miaka ya mwisho ya muongo uliopita, ilikadiria kuwapo kwa kima 5,862 katika makundi 342. Idadi hiyo ni zaidi ya mara tatu ya ile iliyokuwa ikidhaniwa awali, na ilipokewa kama habari njema. Pamoja na hayo, sensa hiyohiyo ilibaini kuwa katika baadhi ya misitu midogo kima hao hawaonekani tena, na kwamba sehemu isiyo ndogo ya makundi inaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, katika vichaka, mashamba na mabaki ya misitu yasiyo na ulinzi wa kutosha.

Historia ya kisiwa inatoa onyo la kutosha kuhusu maana ya hali hiyo. Chui wa Unguja, ambaye naye alikuwa wa kisiwa hiki pekee, leo anahesabiwa na wataalamu wengi kuwa ametoweka, au yu katika hali isiyo mbali na kutoweka. Aliwindwa, akaogopwa kwa kuhusishwa na uchawi, na msitu aliojificha ukapungua. Mnyama wa bara akitoweka wilaya moja anaweza kusalia wilaya nyingine. Mnyama wa kisiwa akitoweka kisiwani ametoweka ulimwenguni.

Kutoka msitu wa akiba hadi hifadhi ya taifa

Jozani ya leo ni matokeo ya hatua zilizochukuliwa kwa awamu. Katikati ya miaka ya 1990, mamlaka za misitu za Zanzibar kwa kushirikiana na shirika la CARE zilianzisha mradi uliolenga kuunganisha uhifadhi wa msitu na Ghuba ya Chwaka na maendeleo ya vijiji vinavyouzunguka. Mwaka 1996 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Maliasili za Misitu, Namba 10, ambayo pamoja na kuimarisha ulinzi iliwapa wananchi nafasi ya kisheria ya kusimamia misitu ya maeneo yao kwa makubaliano na Serikali. Mwaka 1999 vijiji vya jirani vikaunda jumuiya yao ya uhifadhi, inayofahamika kwa kifupi kama JECA. Mwaka 2004 eneo lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50 likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ya kwanza Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika mtandao wake wa dunia wa hifadhi hai.

Mfuatano huo una somo. Hifadhi haikutangulia wananchi. Wananchi walikuwa wamekwisha kuwa na jumuiya yao miaka mitano kabla ya hifadhi kutangazwa. Vijiji kama Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni havikuhamishwa. Vilibaki vilipo, vikiwa na haki na wajibu uliofafanuliwa kwa mikataba inayoonyesha eneo la kukata kuni, eneo la kupumzishwa na eneo lisiloguswa.

Mapato ya kiingilio yalipoanza kukua, uliwekwa utaratibu wa kurejesha sehemu yake kwa jamii. Fedha hizo zimechangia huduma za pamoja ambazo kila mwanakijiji anaziona. Njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya Pete, ambako mgeni huona namna maji ya bahari yanavyopanda na kushuka katikati ya mizizi, ni mfano wa mali ya asili inayoingiza kipato bila kukatwa. Jirani yake, tangu mwaka 2008, kipo kituo cha vipepeo ambapo wakulima hufuga vipepeo wa asili na kuuza mabuu yaliyokomaa. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzia katika kipindi cha mradi viliwapa wanawake mtaji wa biashara ndogo ndogo, na hivyo kupunguza ulazima wa kuingia msituni kila fedha inapohitajika.

Hesabu ya nazi

Jambo lililokuwa gumu kuliko yote halikuwa huduma za pamoja, bali shamba la mtu mmoja mmoja. Mkulima ambaye mnazi wake unaliwa vidaka hafarijiwi na kisima kilichochimbwa upande wa pili wa kijiji. Kwake yeye hasara ni yake peke yake, ilhali faida ni ya wote. Mahali pengi barani Afrika, hapo ndipo mipango mizuri ya uhifadhi inapovunjika.

Huko Jozani suala hilo lilishughulikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa utafiti. Katika miaka ya 1990 wataalamu Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walipima kwa muda kiasi cha nazi changa zinazoliwa na kima na kulinganisha na mavuno. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yaliwashangaza wengi: minazi iliyoliwa vidaka zaidi haikuwa na mavuno madogo, bali ilielekea kuwa na mavuno makubwa zaidi. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mnazi kwa kawaida huangusha vidaka vingi visivyoweza kukomaa. Kima anapovila baadhi yake mapema, anafanya kazi inayofanana na kupunguza matunda ili yaliyobaki yanenepe. Utafiti huo haukufuta malalamiko yote, kwa kuwa shamba si minazi tu, lakini ulilitoa suala hilo katika uwanja wa dhana na kuliweka katika uwanja wa vipimo.

Njia ya pili ilikuwa kumtambua mkulima mwenyewe. Wenye mashamba yanayotembelewa na kima waliunda umoja wao, na umoja huo ukaingizwa katika mgawanyo wa mapato ya utalii. Kwa utaratibu huo mti anaolishia kima uligeuka kuwa chanzo cha kipato, hasa kwa kuwa watalii wengi huwaona kima kwa karibu zaidi mashambani na kandokando ya barabara kuliko ndani ya msitu mnene. Mkulima aliyekuwa akiwafukuza kwa mawe akawa na sababu ya kuuacha mwembe wake usimame. Punju ikawa riziki.

Hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya utalii wa mazingira. Hauwalindi wanyama kwa sababu wageni wanawapenda. Unawalinda pale ambapo mwenye panga mkononi anapata hasara akikata na anapata faida akiacha. Ikiwa hesabu hiyo haikamiliki katika ngazi ya kaya, mabango, semina na doria vitachelewesha uharibifu lakini havitauzuia.

Utalii wenyewe nao unakula msitu

Upande wa pili wa suala hili unahitaji kuangaliwa kwa uwazi uleule. Zanzibar ilipokea watalii 538,264 mwaka 2019. Mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, idadi hiyo ilishuka hadi 260,644. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imepanda na kufika 638,498. Takwimu hizo tatu zina mafunzo mawili yanayovutana.

Funzo la kwanza ni kwamba fedha ya utalii ni fedha inayoweza kukatika kwa sababu ambazo mkulima wa Pete hana uwezo wowote juu yake. Katika mwaka ambao wageni walipungua kwa zaidi ya nusu, msitu ulihitaji kulindwa kama kawaida na kima waliendelea kula mashambani kama kawaida. Jamii iliyotegemea kiingilio pekee ilibaki na gharama za uhifadhi bila malipo yake. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba utalii uwe mguu mmoja wa maendeleo endelevu, na miguu mingine iwe ufugaji nyuki, mwani, kilimo cha mboga na viungo, uvuvi unaozingatia misimu, na akiba ya pamoja inayowekwa wakati wa neema ili itumike wakati wa shida.

Funzo la pili ni kwamba utalii unaokua bila mpango hugeuka kuwa mzigo kwa makazi yaleyale unayoyauza. Hoteli hujengwa kwa boriti, nguzo na fito. Zege huhitaji mchanga na kokoto. Jiko la mkahawa hutaka kuni au makaa. Mfanyakazi anayehamia pwani hutaka kiwanja. Uwanda wa mawe wa mashariki na kusini mwa Unguja, ambao kwa miaka mingi ulionekana kuwa ardhi isiyofaa kitu, ndio makazi ya kima punju na ya paa nunga, swala mdogo adimu ambaye nje ya Zanzibar hupatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Leo ardhi hiyo inatafutwa na wawekezaji, wajenzi na wachimbaji kwa wakati mmoja.

Shinikizo hilo linakuja katika visiwa ambavyo watu wake wanaongezeka kwa kasi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliihesabu Zanzibar kuwa na wakazi 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 1,889,773. Ni ongezeko la takriban watu 586,000 katika miaka kumi, juu ya ardhi ambayo haikuongezeka. Kaya nyingi bado zinapika kwa kuni na makaa. Kuitaka jamii ya Ukongoroni iuache msitu huku mahitaji ya nishati ya mjini yakiendelea kuutegemea msitu huohuo ni kumtwisha mtu mmoja mzigo wa wote.

Barabara ni mfano mwingine. Baada ya barabara inayopita Jozani kuwekwa lami, kima walianza kugongwa na magari kwa wastani wa mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Magari mengi yaliyopita hapo yalikuwa yakiwapeleka wageni katika hoteli za mashariki. Kuwekwa kwa matuta manne kulipunguza vifo vilivyoripotiwa hadi wastani wa kima mmoja kwa wiki sita. Hatua hiyo haikuhitaji teknolojia ya gharama kubwa wala mkopo kutoka nje, ilihitaji uamuzi. Vifo vilivyosalia vinaonyesha kwamba matuta yanahitaji kuongezewa nguvu na alama zinazoonekana, usimamizi wa mwendo na elimu kwa madereva wa watalii.

Wachache wanaolipa zaidi

Mfano wa namna nyingine ya kupanga utalii haupo mbali. Kisiwa cha Chumbe, kilicho kusini mwa Mji wa Zanzibar, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994 na usimamizi wake ukakabidhiwa kwa mwekezaji chini ya mkataba na Serikali. Nyumba za wageni ni saba tu. Maji ya mvua huvunwa kutoka mapaa, umeme hutoka katika jua, na mapato ya wageni hao wachache hulipia doria na elimu kwa wanafunzi wa skuli za Zanzibar. Wavuvi wa zamani waliajiriwa na kufunzwa kuwa askari wa hifadhi. Paa nunga nao walihamishiwa katika msitu wa kisiwa hicho ili wapate kimbilio.

Chumbe haiwezi kuigwa kila mahali, kwa kuwa kisiwa kisicho na wakaazi si sawa na Jozani yenye vijiji. Hata hivyo, kanuni yake inafaa kutazamwa: mapato hayakutafutwa kwa kuongeza idadi ya wageni, bali kwa kuongeza thamani ya kila mgeni na kuweka kikomo mapema. Katika Jozani kikomo kina umuhimu wa kiafya vilevile. Kima na binadamu wanaweza kuambukizana baadhi ya maradhi, hususan ya mfumo wa hewa. Mgeni anayemkaribia mnyama ili apate picha ya simu anaweza kumwachia ugonjwa ambao kundi zima halina kinga nao. Kutunza umbali, kutowalisha na kuongozwa na mtembezaji aliyefunzwa ni masharti ya uhai wa mnyama, na kwa hiyo ni masharti ya uhai wa biashara yenyewe.

Mambo yanayohitaji kusimamiwa

Kutokana na uzoefu huo, mambo manne yanajitokeza kuwa msingi wa utalii unaolinda makazi ya wanyama. La kwanza ni uwazi wa mgawanyo wa mapato. Mwananchi wa shehia inayopakana na hifadhi anapaswa kujua kilichokusanywa langoni, kilichopelekwa katika mfuko wa jamii na kilichomfikia mwenye shamba. Taarifa hiyo ikibandikwa mahali pa wazi na kusomwa katika mkutano wa shehia, hujenga imani ambayo askari wa doria hawezi kuijenga.

La pili ni kulinda mapito kati ya msitu mmoja na mwingine. Makundi ya kima yaliyo katika maeneo yaliyohifadhiwa kwa wastani ni makubwa zaidi kuliko yaliyo nje. Kundi dogo lililozungukwa na nyumba na machimbo halina pa kwenda. Misitu ya jamii inayosimamiwa kwa mikataba ndiyo daraja lililobaki. Mikataba hiyo inahitaji kuhuishwa muda wake unapokwisha na kuheshimiwa pale ardhi inapoombwa kwa uwekezaji.

La tatu ni kuipunguzia misitu mzigo wa nishati na ujenzi. Kila jiko la gesi au la umeme linalochukua nafasi ya makaa mjini ni sehemu ya ulinzi wa Jozani, sawa na kila shamba la mikasurina linalotoa nguzo badala ya msitu wa asili. Uhifadhi unaohubiriwa kijijini pekee, mjini kukibaki kama kulivyo, haukamiliki.

La nne ni kuitumia tathmini ya athari za mazingira kama chombo cha uamuzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 imeweka wajibu huo kwa miradi. Tathmini inayofanyika baada ya kichaka kusafishwa haina inachokitathmini.

Sera ya uchumi wa buluu na Dira ya Maendeleo ya Zanzibar ya 2050 zimeuweka utalii mbele katika safari ya maendeleo ya visiwa. Mafanikio ya safari hiyo yatatangazwa kila mwaka kwa idadi ya wageni, na ni haki yake. Kwa msitu wa Jozani, hata hivyo, kipo kipimo kingine kisichohitaji takwimu za uwanja wa ndege: iwapo mkulima wa Pete, akiamka asubuhi na kuwakuta kima punju juu ya mwembe wake, ataokota jiwe au atawaacha wale. Kwa takriban miongo mitatu wengi wamechagua kuwaacha, kwa sababu uamuzi huo umekuwa na malipo. Jukumu lililobaki ni kuhakikisha kwamba unaendelea kuwa nayo.